Shule ya Alliance na Mafunzo ya Baada ya Masomo

Katika mazungumzo haya nataka tutazame neno moja ambalo wazazi wengi huliuliza, na ambalo sisi waalimu aghalabu hulijibu kwa haraka mno. Mzazi huuza mbuzi wake, hukopa kwa shemeji yake, akampeleka mwanawe katika shule ya bweni. Siku aendapo kumtazama humkuta yu uwanjani akifukuza mpira, au yu ukumbini amejitanda shuka, anajifanya mfalme wa nchi asiyopata kuiona. Mzazi hunung'unika moyoni, akasema, "Je, fedha yangu imekwenda kulipia michezo?"

Swali hilo si la upuzi. Lastahili jibu la kweli, na jibu la kweli halipatikani kwa maneno matupu ya kusifu shule. Hupatikana kwa kutazama habari za shule moja tangu mwanzo wake, tukaona watoto walifanya nini baada ya masomo, na mambo yale yakazaa nini walipokuwa watu wazima. Wahenga walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Basi twende tukakitazame kiwanda chenyewe. Nimechagua Shule ya Alliance iliyoko Kikuyu, katika Kenya, kwa kuwa matunda yake yameonekana na watu wote.

Mwaka 1918 misioni kadhaa za Kiprotestanti zilizokuwa zikifanya kazi katika nchi ile zilipatana kuwa na shauri moja. Miongoni mwao zilikuwamo Church Missionary Society, misioni ya Kanisa la Scotland, Africa Inland Mission na misioni ya Wamethodisti. Mapatano yale yaliitwa Alliance, maana yake umoja au mwungano. Katika matunda ya umoja ule moja likawa ni shule ya juu kwa vijana wa Kiafrika, ambayo misioni moja peke yake isingaliweza kuijenga wala kuipatia waalimu. Shule ikafunguliwa tarehe 1 Machi 1926, huko Kikuyu, mwendo mfupi kutoka Nairobi, nayo ikachukua jina la umoja uliyoizaa. Wanafunzi wa kwanza hawakufika thelathini. Mwalimu Mkuu wa kwanza alikuwa Bwana G. A. Grieves, naye alikaa katika kazi ile hata mwaka 1940.

Yatupasa kukumbuka hali ya siku zile. Serikali ya kikoloni iliwatenga watoto kwa rangi zao: Wazungu walikuwa na shule zao, Wahindi zao, na Waafrika zao, wala fedha zilizotumiwa hazikulingana. Kwa mtoto wa Kiafrika mlango wa shule ya juu ulikuwa mwembamba kama tundu la sindano. Kwa hiyo waliopenya walitoka pande zote za nchi: Wakikuyu na Wakamba, Wajaluo na Waluhya, Wataita na watu wa Pwani. Wengi wao hawakuwa wamepata kulala chumba kimoja na mtu wa kabila jingine. Hili ni jambo la kwanza la kushika, maana ndilo lililozipa nguvu saa za baada ya masomo. Darasani mtoto aweza kukaa miaka minne kando ya mwenziwe asimjue. Uwanjani haiwezekani. Anayetaka kufunga goli hana budi kumpa mpira aliye mahali pazuri, awe wa kwao au si wa kwao.

Sasa tuulize, desturi hii ya kuchanganya masomo na michezo ilitoka wapi? Haikuzuka Kikuyu. Ilitoka katika shule za bweni za Uingereza. Huko, mwalimu mmoja jina lake Thomas Arnold, aliyeanza kuiongoza shule ya Rugby mwaka 1828, alisifiwa sana kwa kuwakabidhi vijana wakubwa kazi ya kuwatawala wadogo. Nao ndio hao tuwaitao viranja. Waalimu wa baadaye wakakuza michezo ya uwanjani hata ikawa kama somo. Walisema kwamba kijana ajifunzaye kushindwa bila kununa, na kushinda bila kujivuna, amejifunza tabia isiyopatikana katika kitabu. Lakini tusijidanganye: shule zile zilikuwa zikiwaandaa watu wa kwenda kutawala nchi za wengine. Desturi zile zilipoletwa Afrika, zililetwa kwa watoto wa wale waliotawaliwa. Hapo ndipo palipokuwa na kitendawili, nacho hakikuteguliwa upesi.

Mbali na Waingereza, palikuwa na Mwafrika mmoja ambaye jina lake liliheshimiwa katika shule ile. Huyu ni Dakta James Aggrey wa Gold Coast, nchi iitwayo sasa Ghana. Mwaka 1924 alizunguka Afrika ya Mashariki pamoja na tume ya Wamarekani iliyotumwa kutazama mambo ya elimu. Watu wengi walipomwona Mwafrika mwenye elimu kubwa namna ile akiketi na wakubwa wa nchi na kusema nao kwa utulivu, walipata moyo. Hata leo moja katika mabweni ya Alliance laitwa kwa jina lake, kama vile mabweni mengine yalivyopewa majina ya Livingstone, Wilberforce na Grieves. Bweni halikuwa mahali pa kulala tu. Lilikuwa na timu yake ya mpira, na viranja wake, na heshima yake ya kulinda, hata mtoto akaona haya kuliaibisha kuliko kujiaibisha mwenyewe.

Mwaka 1940 alikuja Mwalimu Mkuu wa pili, naye ndiye ambaye watu wengi humkumbuka wasikiapo jina la Alliance: Edward Carey Francis. Alizaliwa Uingereza mwaka 1897, akapigana katika Vita Vikuu vya Kwanza, kisha akawa mwalimu wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Angaliweza kukaa kule maisha yake yote katika raha na sifa. Lakini mwaka 1928 aliiacha kazi ile, akaja kufundisha katika shule ya misioni ya Maseno, huko Nyanza. Na kutoka Maseno akahamia Kikuyu. Alikuwa mtu mkali, mwenye kupenda usafi, kazi kwa saa yake, na ukweli katika maneno. Alipenda mpira kama apendavyo hesabu. Aliiongoza shule hata mwaka 1962, na alipoiacha hakurudi kwao kupumzika. Alikwenda kufundisha katika shule ya Pumwani, mtaa wa watu maskini mjini Nairobi, akafa mwaka 1966.

Katika siku zake maisha ya shule yalikwenda kwa kengele. Asubuhi kengele ya kuamka, kufagia na kukaguliwa. Kisha sala, kisha masomo. Na alasiri, vitabu vikisha kufungwa, ndipo ilipoanza shule ya pili. Wengine walikwenda mpirani, wengine katika mbio na kuruka. Wengine katika kikosi cha Skauti, kujifunza kupiga kambi na kufunga mafundo. Wengine katika kwaya. Wengine katika chama cha mabishano ya hoja. Wengine katika gazeti la shule. Jumapili baadhi yao walitembea hata vijiji vya jirani kuwafundisha watoto habari za Biblia. Mwito wa shule ni maneno machache ya Kiingereza, ambayo kwa lugha yetu twaweza kuyasema hivi: Imara katika Kutumika.

Wasikilizaji wangu, yatazameni maneno hayo vizuri. Yasema mtu awe imara, na yasema atumike. Lakini hayasemi amtumikie nani. Katika nchi iliyokuwa chini ya wageni, pengo hilo lilikuwa kubwa. Je, kijana yule atumike kwa serikali, awe karani mwaminifu na mwalimu mtulivu? Au atumike kwa watu wake, hata serikali ichukie? Waalimu walikuwa na jibu lao. Wanafunzi nao, kidogo kidogo, wakajitafutia majibu yao. Na mara nyingi waliyatafuta katika saa hizo za alasiri na jioni, ambapo mtoto hupewa nafasi ya kusema kwa kinywa chake mwenyewe.

Tazama mifano. Katika darasa lile la kwanza la mwaka 1926 alikuwamo kijana aitwaye Eliud Mathu. Baadaye alirudi akawa mwalimu katika shule ile ile, na mwaka 1944 akawa Mwafrika wa kwanza kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, mahali ambapo mpaka siku ile maneno ya Waafrika yalisemwa na Wazungu kwa niaba yao. James Gichuru naye alisoma huko, akafundisha huko, kisha tangu mwaka 1945 hata 1947 akawa mkuu wa Kenya African Union, chama alichokikabidhi kwa Jomo Kenyatta. Paul Ngei, aliyehukumiwa pamoja na Kenyatta huko Kapenguria mwaka 1953, alipita Alliance. Oginga Odinga wa Nyanza alipita huko, na Ronald Ngala wa Pwani vile vile. Watu hawa hawakuwa na shauri moja katika siasa. Wengine walipingana vikali. Lakini wote walijua kusimama mbele ya watu, kupanga hoja, kumsikiliza mpinzani mpaka amalize, na kumjibu. Ufundi huo haufundishwi kwa kunakili maneno ya ubaoni. Hupatikana kwa kuzoea, na mazoea huanza utotoni.

Hata hivyo sitaki mfikiri kwamba saa zile zilikuwa za raha tu. Palikuwa na wakati ambapo michezo ya shule iligusana na msiba mkubwa wa nchi, na hapo ndipo tuonapo uzito wake.

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ilitangaza Hali ya Hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Watu waliingia katika misitu ya Nyandarua na ya Mlima Kenya kupigania ardhi na uhuru. Wengine maelfu kwa maelfu wakatiwa katika kambi za kizuizini. Na wanavijiji wa nchi ya Wakikuyu wakaondolewa kwa nguvu katika makao yao ya zamani, wakakusanywa katika vijiji vipya vyenye ulinzi. Shule ya Alliance ilikuwa katikati ya nchi hiyo. Ndani ya uzio kengele ililia kwa saa yake na nyasi zilikatwa sawasawa; nje ya uzio palikuwa na askari, moto na njaa.

Mwezi wa Januari 1955 aliingia shuleni kijana kutoka Limuru, ambaye ulimwengu ulimjua baadaye kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Ndugu yake alikuwa msituni pamoja na wapiganaji. Ngũgĩ amesimulia katika kumbukumbu zake, zilizotoka mwaka 2012, kwamba alipokwenda nyumbani baada ya muhula wa kwanza hakuliona boma lao. Nyumba zilikuwa zimebomolewa, na watu wake walikuwa wakijenga vibanda katika kijiji kipya cha Kamirithu. Akarudi shuleni na habari hiyo moyoni. Alirudi akiwa na nguo safi za shule na kitabu mkononi, na hakujua aliyekuwa rafiki wala aliyekuwa adui.

Kijana wa namna hiyo afanye nini? Katika darasa la hesabu hapana mahali pa kusemea huzuni yake. Lakini katika chama cha mabishano palikuwa na mahali. Amesimulia jinsi hoja ilivyoletwa siku moja juu ya elimu ya Wazungu, kama imeleta heri au hasara. Aliposimama aliinua penseli, akawauliza wenziwe: ikiwa mtu amekuja nyumbani kwako, akakunyang'anya shamba, kisha akakupa penseli badala yake, je, mapatano hayo ni ya haki? Fikirini, wasikilizaji. Nchi ilikuwa chini ya amri za vita, na maneno kama hayo yakisemwa sokoni yaliweza kumfikisha mtu kizuizini. Lakini kwa kuwa yalisemwa katika mchezo wa hoja, kwa kanuni za mabishano, na mbele ya mwenyekiti, yaliweza kusikika. Mchezo ulikuwa ngao ya ukweli.

Katika gazeti la shule la mwaka 1957 kijana huyo huyo alichapisha kisa kifupi, nacho ni cha kwanza katika maandiko yake kupigwa chapa. Vitabu vikubwa vilivyosomwa baadaye duniani kote vilitanguliwa na kurasa chache katika gazeti la watoto wa shule.

Sasa nije katika michezo ya kuigiza, ambayo ni sehemu niipendayo kuliko nyingine katika habari hii. Kila mwaka Alliance ilicheza mchezo mmoja wa Shakespeare kwa Kiingereza. Mwaka 1955 ulichezwa As You Like It. Mwaka 1956 sehemu ya kwanza ya Henry IV. Mwaka 1957 King Lear. Na mwaka 1958 A Midsummer Night's Dream. Mtu aweza kucheka akisema, "Watoto wa Kikuyu na Nyanza wanajali nini habari za wafalme wa Ulaya waliokufa zamani?" Lakini hebu tutazame yaliyomo. Katika mchezo ule wa 1955, mtawala wa haki amenyang'anywa nchi na ndugu yake, naye amekimbilia msituni pamoja na watu wake waaminifu. Katika ule wa 1956, wakubwa wa nchi wanaasi na kupigana na mfalme. Katika ule wa 1957, mzee anaigawa nchi yake kwa upumbavu, kisha anafukuzwa nje katika tufani, hana paa juu ya kichwa chake. Sisemi kwamba waalimu walikusudia wanafunzi wafananishe. Lakini mtoto ambaye ndugu yake yu msituni, na mama yake amebomolewa nyumba, hakosi kusikia mambo mawili katika neno moja. Hiyo ndiyo kazi ya mchezo ulio mzuri: humpa mtu picha ya mbali ili aone ya karibu.

Hata hivyo jambo kubwa zaidi halikuwa Shakespeare. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 baadhi ya vijana wa Alliance, waliokwisha kuona jinsi mchezo unavyopangwa, walianza kutunga michezo yao wenyewe, tena kwa Kiswahili. Henry Kuria alitunga Nakupenda Lakini, Kimani Nyoike akatunga Maisha ni Nini, B. M. Kurutu na Gerishon Ngugi nao wakatunga yao. Mchezo wa Kuria na ule wa Kurutu ilipigwa chapa mwaka 1957, na wa Gerishon Ngugi ukafuata mwaka 1961. Alikuwako pia Graham Hyslop, Mwingereza aliyekuwa afisa wa serikali wa muziki na michezo ya kuigiza, naye alitunga michezo ya Kiswahili na kuitia moyo kazi hiyo. Huyu ndiye yule yule aliyekuwa mmoja wa watu watano waliotengeneza Wimbo wa Taifa wa Kenya mwaka 1963.

Kwa nini naliita hili jambo kubwa? Kwa sababu Kiswahili kilikuwa na utenzi na mashairi tangu karne nyingi, kilikuwa na hadithi na ngano, kilikuwa na ngoma na mashindano ya majibizano. Lakini mchezo wa kuigiza ulioandikwa katika kitabu, wenye wasemaji na maonyesho, ulikuwa mgeni. Michezo ya vijana wale ni miongoni mwa ya kwanza kabisa kuandikwa na kupigwa chapa katika lugha yetu. Nayo haikutoka Lamu wala Mombasa wala Unguja, kwenye wenyewe wa Kiswahili. Ilitoka bara, katika shule ambayo lugha ya masomo ilikuwa Kiingereza, tena mikononi mwa vijana ambao lugha ya mama zao haikuwa Kiswahili. Hapana mtihani uliowataka waifanye kazi hiyo, wala cheti walichopewa kwa ajili yake. Ilikuwa kazi ya jioni, ya kupenda. Na kwa kuwa ilikuwa katika lugha ya watu wote, iliweza kutoka nje ya uzio: michezo hiyo ilifika hata Nakuru, katikati ya nchi ya masetla, ikachezwa mbele ya watu wasiojua Kiingereza. "Mcheza kwao hutunzwa," nao walitunzwa.

Wala haikuwa kazi ya wavulana peke yao. Mwaka 1948 shule ya juu ya wasichana ilifunguliwa huko huko Kikuyu, jirani ya ile ya wavulana. Alisoma humo Micere Mugo, ambaye baadaye alishirikiana na Ngũgĩ kutunga mchezo juu ya hukumu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni. Kitabu kilitoka mwaka 1976, na mwaka huo huo mchezo ukachezwa katika jumba la michezo la taifa mjini Nairobi. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1952, mwaka ule ule wa Hali ya Hatari, na kwa miaka mingi lilikuwa kama mali ya wageni. Basi watoto wa shule mbili za Kikuyu walilipanda jukwaa lile, wakasimulia habari ya mtu aliyenyongwa na serikali iliyolijenga.

Mwaka uliofuata, 1977, Ngũgĩ alirudi Kamirithu, kijiji kile kile ambacho watu wake walitupwa wakati wa vita. Pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ na wanavijiji wenyewe, wakulima na vibarua, walijenga jukwaa la wazi, wakacheza mchezo kwa lugha ya Kikikuyu. Watu walikuja kwa wingi. Mwezi wa Novemba serikali ya Kenya huru iliupiga marufuku, na mwisho wa Desemba ikamtia Ngũgĩ kizuizini. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Alikuwa amekwisha kuandika vitabu vyenye maneno makali kwa Kiingereza, naye hakufungwa. Alifungwa kwa ajili ya mchezo uliochezwa na wanavijiji. Anayesema kwamba kuigiza ni upuzi wa watoto na alitafakari hilo. Serikali haipeleki tingatinga kubomoa upuzi.

Sasa tupime kwa haki. Je, twaweza kusema kwamba mafunzo ya baada ya masomo yaliwafanya vijana hawa kuwa wema? La, hatuwezi. Katika wale waliopita Alliance wamo waliotumikia nchi yao kwa moyo safi, na wamo waliojitumikia wenyewe. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, wengi wa shule ile walishika madaraka makubwa, na si wote waliokumbuka mwito wa shule yao. Uhodari wa kusema waweza kuutetea ukweli, na waweza kuupamba uwongo. Tena shule yenyewe ilikuwa na mipaka yake. Iliwapokea wachache na kuwaacha nje wengi, na heshima kubwa iliwekwa katika Kiingereza kuliko katika lugha za nyumbani. Chombo chaweza kuundwa vizuri, lakini anayeshika usukani ndiye achaguaye bandari.

Walakini neno moja naliona limethibitika. Serikali ya kikoloni na waalimu wake walitaka kuwalea vijana wawe imara, wakidhani kwamba uimara ule utabaki chini ya mkono wao. Haukubaki. Ukimfundisha mtoto kuongoza timu, amejifunza kuongoza. Ukimfundisha kupinga hoja kwa heshima, amejifunza kupinga. Ukimpa jukwaa acheze mfalme wa mbali, siku moja atalitaka jukwaa hilo aseme habari za kwao. Hapana mwalimu awezaye kumpa mtoto nguvu nusu. Na ikiwa haya yaliwezekana katika nchi iliyotawaliwa, chini ya sheria za rangi, si zaidi sana katika nchi huru?

Kwa hiyo, ninyi wazazi, mwendapo kutazama shule ya watoto wenu, msiulize tu wangapi walifaulu mtihani. Ulizeni vile vile watoto hufanya nini kengele ya mwisho ikisha lia. Je, wana uwanja? Je, wana mahali pa kusimama na kusema bila kuogopa kiboko? Je, wanacheza na kuimba katika lugha ambayo bibi yao akiwa amekaa mbele ataielewa? Shule isiyo na majibu ya maswali hayo yaweza kutoa makarani wazuri, lakini msishangae ikiwa haikutoa viongozi.

Nanyi wanafunzi, msiifanye michezo kuwa kimbilio la wavivu. Vijana wale wa Alliance waliotunga michezo walikuwa wakiamka kwa kengele ile ile, wakifanya hesabu zile zile, wakikaguliwa usafi ule ule. Waliiba muda katika usingizi wao, si katika masomo yao. Ukichagua mpira, ucheze kwa moyo. Ukichagua kwaya, fika kwa wakati. Ukichagua kuandika, andika hata kama gazeti la shule ni karatasi mbili zilizobanwa kwa pini.

Na kwetu sisi waalimu, ambao alasiri huwa tumechoka na tungependa kwenda nyumbani: tukumbuke kwamba hapana ajuaye ni yupi katika wale wanaoinua penseli mbele ya wenzao atakayekuja kuwasemea watu wake. Kazi yetu ni kuufungua ukumbi, kuwasha taa, na kuketi nyuma tukisikiliza. Alasiri ya kesho ukumbi uwe wazi. Kwaherini.